Nani Amlipe Mwalimu wa Chekechea?

Januari 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi nchini Kenya, watoto walimiminika madarasani hadi wengine wakakosa pa kuketi. Wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu, na habari zake zikaenea duniani. Mlango wa shule ulikuwa umefunguliwa hata kwa babu. Aliyebaki nje ni mtoto wa miaka minne.

Chekechea haikuguswa na tangazo lile. Karo yake iliendelea kudaiwa, na mzazi asiye na kitu akapiga hesabu: ya nini kulipia nasari, ilhali mtoto akitimiza miaka sita atasoma bure? Wengi waliwaweka watoto nyumbani wangoje. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Lakini mshahara wa mwalimu wa chekechea ulitoka katika karo ileile, kwa hiyo watoto walipopungua, mwalimu naye alikosa cha kupeleka nyumbani. Baadhi ya shule zilififia, nyingine zikafungwa kabisa, zote zikiwa zimeponzwa na sera njema iliyowasahau wadogo.

Kusahauliwa huko kulikuwa na mizizi mirefu. Katika enzi ya ukoloni, vituo vya kulelea watoto vilifunguliwa kwenye mashamba makubwa ya chai na kahawa ili akina mama wapate kufanya kazi. Vingine vilianzishwa miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, katika vijiji ambavyo serikali ya kikoloni iliwakusanyia watu kwa nguvu. Shabaha haikuwa elimu. Mtoto alikuwa wa kulishwa na kuangaliwa mpaka mama arudi.

Baada ya uhuru, wito wa Harambee uliwakuta wanawake tayari kazini. Walichanga pesa, wakaezeka mabati, wakamchagua msichana wa kijijini aliyesoma kidogo awe mwalimu, na mwisho wa mwezi wakampa kilichopatikana. Mabaraza machache ya miji, Nairobi likiwemo, yaliajiri walimu wao. Kwingine kote mzazi ndiye aliyekuwa hazina. Hadi 1980 shule hizi zilisimamiwa na wizara ya huduma za jamii. Mwaka huo zikahamishiwa wizara ya elimu. Kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kilianzishwa 1984 ndani ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, kikifuatwa na vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu. Hatua hizi zilikuwa kubwa, nazo zilijengwa juu ya mradi uliofadhiliwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ikawa inaandika mtaala, inafunza na kukagua. Mshahara ikauacha kwa wazazi.

Pwani ina kisa chake, nacho kinastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1982 viongozi wa jamii ya Waislamu walimweleza Aga Khan wasiwasi wao: watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni tangu darasa la kwanza. Baada ya mashauriano marefu, shule ya kwanza ya mpango wa Madrasa ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986 chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, mwalimu aliyeijua jamii yake. Mafunzo ya dini na ya shule yaliwekwa pamoja, na vifaa vikatengenezwa kwa vilivyo karibu: vifuu, vizibo, vitambaa, mbegu. Watu wazima waliozoea darasa la kukariri walishangaa kumwona mtoto akijifunza kuhesabu huku anacheza. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Hata hivyo, mpango huo uliosifiwa kote uligonga ukuta uleule. Ada za wazazi hazikutosha kumweka mwalimu, na mwalimu aliyefunzwa vizuri alihama akipata kazi bora. Ikabidi waanzishe mifuko ya akiba ambayo faida yake ingezisaidia shule kujikimu. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote: jamii ilifanya kila lililokuwa katika uwezo wake, na bado ilihitaji mkono wa mtu mwingine kwenye mshahara.

Wanaharakati wa elimu walilisema hilo kwa miaka mingi. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mwaka 2000 mkutano wa Dakar uliyaweka malezi na elimu ya watoto wadogo kuwa lengo la kwanza la Elimu kwa Wote. Bajeti haikufuata ahadi, kwani chekechea iliendelea kupata chini ya asilimia 1 ya fedha za wizara. Waraka wa sera wa 2005 uliahidi kuiingiza katika elimu ya msingi kufikia 2010. Mwaka huo ulifika, na karo bado zilikuwa zinalipwa.

Kilichofika ni katiba mpya, iliyokabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti 47. Tangu 2013 magavana wamejenga madarasa mengi, na sehemu ambazo watoto walisomea chini ya mti sasa zina kuta. Ila darasa huzinduliwa kwa utepe na picha, mshahara hauna sherehe. Walimu wengi waliajiriwa kwa kandarasi fupi na malipo duni, yanayotofautiana kutoka kaunti hadi kaunti, huku vyama vya walimu vikidai kwamba katiba hiyohiyo imeipa Tume ya Kuajiri Walimu kazi ya kuajiri. Suala la fedha lilifika hata kwenye jukwaa la dunia: Novemba 2022, mataifa yaliyokutana Tashkent, Uzbekistan, yaliafikiana kwamba angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwa elimu ya awali.

Sasa mapambano yako kwenye mabunge ya kaunti. Sheria inataka makadirio ya bajeti yawasilishwe huko kufikia Aprili 30 na wananchi wasikilizwe kabla ya kupitishwa. Mzazi anayehudhuria kikao hicho aulize kwanza ni walimu wangapi wa chekechea watakaoajiriwa kwa masharti ya kudumu, na kwa mshahara gani, kisha ndipo aulize habari za majengo.