Kipimo cha Matumizi ya Mafuta: Kilikotoka na Kinachomfaa Dereva

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta Tanzania. Wakenya husubiri tarehe 14, siku ya tangazo la EPRA, mamlaka yao ya aina hiyo. Bei ikipanda, dereva ambaye hakuwa akijali huanza kuitazama namba iliyokuwapo siku zote kwenye dashibodi yake: kilomita kwa lita. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja nayo, mara nyingi pamoja na maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hawezi kuyasoma. Je, namba hiyo ni ya kuaminiwa? Jibu limo katika historia yake.

Kipimo cha kwanza hakikupima mafuta kabisa. Kilipima mvuto wa hewa. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kilango kinachofunguliwa na pedali. Mguu ukiwa mwepesi, kilango hubana na mvuto ndani huwa mkali. Ukikanyaga hadi mwisho, kilango hufunguka wazi na mvuto hupungua. Geji za namna hiyo, zikiunganishwa na njia ya hewa ya injini kwa mpira mwembamba, ziliuzwa Marekani tangu miaka ya 1930. Mafundi walizipenda kwa kuwa zilifichua valvu zinazovuja. Dereva zilimsaidia nusu tu. Gari likienda gia ya pili huku injini inalia, mvuto ulikuwa mkubwa na mshale ukasimama upande mzuri. Akiingiza gia ya nne, injini ikatulia na kuchoma mafuta machache zaidi, mshale ulishuka kana kwamba amekosea. Aliyeufuata bila kuelewa alifundishwa kinyume.

Kilichobadilisha mambo ni Oktoba 1973. Vita vikiendelea Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani na baadhi ya washirika wake mafuta. Pipa lililouzwa takriban dola 3 likakaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Ujerumani Magharibi ilipiga marufuku magari binafsi barabarani kwa Jumapili nne. Marekani ilishusha mwendo wa barabara kuu hadi maili 55 kwa saa. Tanzania nayo, katika miaka ya uhaba wa mafuta, ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri, na wapo wazee wanaolikumbuka katazo hilo hadi leo.

Mwaka 1975 Marekani ikatunga sheria ya kuwabana watengenezaji wafikie kiwango cha wastani cha matumizi ya mafuta, kuanzia matoleo ya 1978. Mwaka huohuo wa 1978 Cadillac ikatoa Seville yenye kompyuta ya safari, iliyoendeshwa na chipu ya Motorola. Ilimwambia dereva wastani wa matumizi, umbali uliobaki kabla tanki halijakauka, na saa ya kufika. Ilikuwa nyongeza ya dola 920, kwenye gari la kifahari lenye injini ya silinda nane ya lita 5.7. Mwenye uwezo wa kuinunua hakuwa mtu wa kuhangaikia mafuta. Hata hivyo hatua yenyewe ilikuwa kubwa. Injini ile ilipuliziwa mafuta kwa njia ya umeme, kwa hiyo kompyuta iliweza kujua injekta zimefunguka kwa muda gani, ikalinganisha na umbali ambao magurudumu yamekwenda. Hadi leo hesabu inafanywa hivyo.

Ulaya ilifuata haraka. Mwaka 1981 Volkswagen ilitoa magari ya Formel E yenye geji ya matumizi na taa ya kumwambia dereva apandishe gia. BMW nayo ikaweka mshale wake chini ya geji ya mizunguko ya injini. Mishale hiyo ilikuwa na kasoro moja: ilionyesha sasa hivi tu. Iliruka kila mguu ulipoguswa, na dereva alipozoea kuruka kwake aliacha kuitazama.

Kwa maoni yangu, mapinduzi ya kweli yalikuja Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani. Katikati ya dashibodi palikuwa na skrini iliyoonyesha nguvu ikitoka kwenye injini, betri na magurudumu, pamoja na nguzo za matumizi kwa kila dakika 5. Kwa mara ya kwanza dereva wa kawaida aliweza kuona mlima ule umemgharimu nini, foleni ile imekula kiasi gani, na breki ya taratibu imemrudishia nini. Kosa halikupotea tena pale pale lilipotendeka. Lilibaki kwenye skrini. Wenye Prius walianza kushindana nani atakwenda mbali zaidi kwa tanki moja.

Je, wanaotazama huokoa kweli? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2020 wakapata wastani wa asilimia 6.6. Kwa anayechoma lita 200 kwa mwezi, hizo ni lita 13. Si haba, ila huokoa yule anayebadilisha mguu wake.

Kuhusu usahihi, chama cha madereva cha AAA cha Marekani kilipima magari mwaka 2022. Kwa wastani kosa lilikuwa asilimia 2.3 tu, lakini gari moja lilikosea kwa asilimia 6.4. Ukibadilisha ukubwa wa matairi, hesabu ya umbali nayo huharibika. Umoja wa Ulaya umekiamini kipimo hiki kiasi cha kukifanya shahidi: tangu 2021 kila gari jipya la petroli au dizeli lazima lihifadhi kumbukumbu ya matumizi yake. Ripoti ya 2024, iliyotokana na kumbukumbu hizo, ilionyesha kwamba magari hayo yalitumia takriban asilimia 20 zaidi ya takwimu rasmi.

Mtego uliobaki umo kwenye kilomita kwa lita zenyewe. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliuonyesha mwaka 2008 kwa kutumia maili kwa galoni. Gari likipanda kutoka kilomita 20 hadi 25 kwa lita, kila kilomita 100 linaokoa lita moja. Likipanda kutoka 6 hadi 7 tu, linaokoa lita 2.4. Jicho huvutwa na ongezeko la 5, kumbe fedha nyingi zaidi ziko kwenye lile la 1.

Kwa hiyo msomaji, acha namba inayorukaruka na utazame wastani. Uanzishe upya kila unapojaza tanki, kisha gawa kilomita kwa lita za pampu uone gari lako linakosea kwa kiasi gani. Wastani ukishuka kwenye njia ileile, pima upepo wa matairi kabla ya kwenda kwa fundi. Na kama nyumbani kuna magari mawili, anza kuokoa kwenye lile linalobugia mafuta zaidi.