Kupaki basi ni nusu ya kazi tu

Barazani ukisema timu imepaki basi, umeitukana. Maana yake ni waoga, wamejazana mbele ya goli lao wakiomba dakika 90 ziishe. Mimi siafiki. Kujilinda kisha kushambulia kwa kushtukiza ni mfumo kamili wenye kanuni zake, na anayeucheza vizuri hutoka uwanjani amechoka kuliko aliyekuwa na mpira.

Kanuni ya kwanza ni kufunga katikati. Timu hujipanga safu mbili zilizokaribiana, mabeki wanne na viungo wanne (4-4-2) au watano (4-5-1), na nafasi baina ya safu hizo ndiyo inayolindwa kuliko kitu chochote. Mpinzani huachiwa mpira nyuma na pembeni, pasipo madhara. Mpira ukienda kulia, wote husogea kulia. Ukirudi kushoto, wote hurudi. Mmoja akizembea, mlango umefunguka.

Morocco walituonyesha hayo kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar. Kocha Walid Regragui alikuwa na timu kwa miezi mitatu tu. Alimweka Sofyan Amrabat peke yake mbele ya mabeki wanne, na mbele yake viungo waliokuwa wakirudi mbio kuziba. Uhispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 na hawakupata goli. Kwenye penalti wakalala 3-0, Yassine Bounou akiokoa mbili. Siku nne baadaye Youssef En-Nesyri aliruka juu ya kila mtu dakika ya 42, na Ureno wakaaga. Hadi nusu fainali, goli pekee lililoingia wavuni mwao walijifunga wenyewe, dhidi ya Canada.

Nusu ya pili ya kazi ndiyo inayosahaulika: ukishaunasa mpira, unaupeleka wapi? Sekunde zile chache za mwanzo mabeki wa pembeni wa mpinzani bado wako juu, na nyuma yao pametupu. Leicester City walichukua ligi ya Uingereza msimu wa 2015/16 kwa kulijua hilo. N'Golo Kanté alinyang'anya, pasi ya kwanza ikaenda mbele, na Jamie Vardy alikuwa keshaanza kukimbia kabla mpira haujapigwa. Alifunga magoli 24, Riyad Mahrez 17.

Timu zetu nyingi za mtaani zimejifunza nusu ya kwanza peke yake. Beki akiupata mpira huubutua popote, mshambuliaji yuko mbali peke yake, na kabla hujavuta pumzi mpira umerudi. Vijana hukimbia hivyo jua la saa tisa mpaka miguu inakataa, goli linaingia dakika za mwisho, kisha lawama zote anabebeshwa kipa. Kocha anayetaka mfumo huu aanze kwa kuchagua nani apokee pasi ya kwanza, na alifanyie mazoezi kila siku.

Tena wataka unyenyekevu. Mwaka 2010 Inter Milan waliwafunga Barcelona 3-1 nyumbani. Kwenye marudiano Thiago Motta akatolewa kwa kadi nyekundu mapema, na Samuel Eto'o, mfungaji wa kuogopwa, akacheza kama beki wa pembeni. Walifungwa 1-0 tu, wakaenda fainali wakachukua kombe.

Harambee Stars nao waliwahi kuonja utamu wake, tena kwa hao hao Morocco, ingawa kikosi kilikuwa cha wachezaji wa ligi ya ndani. Ilikuwa CHAN, Kasarani, Agosti 2025. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42 (ile ile ya En-Nesyri), kisha kabla ya mapumziko Kenya ikabaki na watu kumi. Vijana wa Benni McCarthy walizuia kipindi kizima cha pili, 1-0 ikasimama.

Mfumo huu una adui mmoja mkubwa, nalo ni goli la mapema. Ukifungwa mwanzo, huna budi kutoka kwako, na zile safu mbili zinaachana. Morocco wenyewe yaliwakuta kwenye nusu fainali: Theo Hernández wa Ufaransa alifunga dakika ya tano, wakalazimika kuufukuzia mchezo, na zikaisha 2-0.