Kulabu ya Ukutani na Wahunzi wa Ugweno

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi, Kamati imeniomba niandike machache juu ya historia. Huenda mlitegemea habari za wakuu wa shule waliopita, au za timu iliyoleta kikombe. Hayo wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nataka kueleza habari za kitu kidogo ambacho wengi wetu tuliopita katika karakana tulikitengeneza kwa mikono yetu, yaani kulabu ya kutundikia nguo.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1995. Katika somo la ufundi, kulabu ndiyo iliyokuwa kazi yetu ya kwanza ya moto. Mwalimu alimgawia kila mmoja kipande cha chuma cha mraba, unene wa milimita 10 na urefu wa shubiri moja hivi. Kwa faida ya waliosahau, kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza, ncha moja hupashwa moto, huchongolewa kwa nyundo juu ya fuawe, kisha huviringwa kidogo mfano wa mkia wa kinyonga ili isichane shati. Pili, sehemu hiyo hukunjwa juu ya pembe ya fuawe mpaka ipate umbo la kulabu. Tatu, kipande hubanwa katika jiliwa na kusokotwa katikati kwa koleo, mzunguko mmoja tu. Hilo ndilo pambo lake. Nne, upande wa juu hupigwa bapa kama jani na kutobolewa tundu la msumari. Mwisho, kulabu ikiwa bado ina joto, hupakwa nta ili isishike kutu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chuma nacho kikunje kingali chekundu. Ukikipiga kimekwisha poa hakikutii, na huweza kupasuka. Ukikizidishia moto mpaka kikatoa cheche nyeupe, kimeungua, na huna budi kuanza upya. Kipande changu cha kwanza kiliungua.

Siku ile mwalimu, akiwa amelishika koleo, aliuliza darasa zima: "Nani hapa kwao wanafua chuma?" Nilinyamaza. Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi, na baba yake na babu yake vile vile. Sisi ni wa ukoo wa Washana wa Upare. Lakini usiku mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimewasikia wenzangu bwenini wakisema kwamba wahunzi ni watu wa masizi na uchawi, na kwamba nyundo yao ikipigwa kwa kulaaniwa mtu, mtu huyo haponi. Nilikuwa mgeni, nilitaka marafiki. Basi mwalimu akaendelea na somo, na sisi tukaondoka tukidhani kwamba ufundi ule ulikuja nchini mwetu pamoja na shule.

Miaka michache baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilifungua kitabu cha marehemu Profesa Isaria Kimambo juu ya historia ya Wapare, kilichotolewa mwaka 1969. Humo nikawakuta watu wa kwetu. Kwa mapokeo aliyoyakusanya, Ugweno, huko Upare ya Kaskazini, ilitawaliwa zamani na Washana, na nguvu yao ilitokana na chuma. Aliyekuwa na tanuri ndiye aliyetoa jembe la kulimia na mkuki wa kujilinda. Baadaye Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua na kushika utawala. Washana walinyang'anywa nchi, lakini hawakunyang'anywa nyundo. Watawala wapya nao walihitaji majembe.

Chuma chenyewe hakikutoka mbali. Vijito vya milimani huteremsha mchanga mweusi wenye chuma, nao ulikusanywa na kuoshwa. Mchanga huo ulitiwa katika tanuri pamoja na mkaa wa miti migumu, na moto ukapulizwa kwa mivukuto ya ngozi iliyokandamizwa kwa zamu ili upepo usikatike. Chuma hakikuyeyuka kikawa kama maji. Kilishikamana kuwa bonge, na uchafu mwingi ukajitenga kuwa mavi ya chuma. (Vijana msicheke, hilo ndilo jina lake.) Bonge hilo lilirudishwa motoni na kufuliwa mara nyingi, hadi masalia ya uchafu yakatoka. Wachaga, waliokuwa na wahunzi hodari wa mikuki na mikufu, walinunua chuma chao kutoka Ugweno.

Wala si Upare peke yake. Wafipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu, ambayo yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Huko Buhaya, wazee walijenga tena tanuri la kale mwaka 1976 mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mafundi wa magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wakipata chuma kigumu chenye kaboni, yaani pua, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini matanuri yalizimika? Hayakuzimika kwa ujinga wa mafundi. Chuma cha Ulaya kilianza kupanda bara na misafara ya pwani. Kisha reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na bidhaa za viwandani zikasafirishwa kwa urahisi zaidi. Mtu aliyetumia siku nyingi kuosha mchanga na kuchoma mkaa hakuweza kushindana na bei ya duka. Kuyeyusha kukakoma, kufua kukabaki, kukitegemea chuma chakavu. Babu yangu alifua visu na mapanga kutokana na springi za magari mabovu.

Nilipomaliza kusoma kitabu kile nilikuwa na maswali zaidi ya ishirini. Mchanga uliokotwa katika kijito kipi? Mti gani ulitoa mkaa ulio bora? Nani aliruhusiwa kulikaribia tanuri, na nani alikatazwa? Aliyekuwa na majibu alikuwa amefariki nilipokuwa Kidato cha Nne. Kila likizo alikuwa akiniita, "Mjukuu wangu, njoo unishikie mvukuto," nami nikimjibu kwamba nina vitabu vya kusoma.

Leo mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Katika mkutano wetu uliopita nilipita mabwenini, nikaziona kulabu zetu bado zimo ukutani, nyingine zimesokotwa vizuri na nyingine zimepinda kama zangu, na sweta za vijana zimetundikwa. Katika karakana, tanuri lilikuwa baridi na fuawe imewekewa makasha juu yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni letu wahitimu: tuchange tuliwashe tena tanuri lile. Halihitaji fedha nyingi. Mkaa, makoleo mawili matatu na chuma chakavu vinatosha kuanzia, na kulabu iwe tena kazi ya kwanza. Tena aalikwe mhunzi wa vijiji vya jirani, alipwe kama anavyolipwa mwalimu, wala asiletwe kama kitu cha maonyesho.

La pili ni lenu, vijana. Likizo ijayo, mwenye babu au bibi anayekumbuka kazi za zamani, iwe ni chuma, ufinyanzi au ususi, aende na daftari. Aulize majina ya vitu, mahali na watu, aandike, kisha daftari hilo alilete katika maktaba ya shule.

Na siku mwalimu atakapouliza darasani ni nani kwao wanafua chuma, mwenye babu mhunzi asinyamaze. Ainue mkono.