Karindula na kuran: pipa linatafuta sauti

Luano, Lubumbashi. – Leo tuache kidogo habari za bei ya unga. Tuongee karindula. Wengi mumeniuliza: mbona kwenye kilio ao kwenye sherehe tunamuona mpigaji anatoka jasho, lakini masikio yanapata kinanda cha umeme peke yake? Jibu liko ndani ya historia.

Karindula ni banjo kubwa sana. Tumbo lake ni pipa la mafuta, mdomo wa pipa umefungwa ngozi ya mbuzi, na shingo ndefu ya mti inabeba nyuzi nne. Ukipiga uzi, kijiti kinachoushikilia juu ya ngozi kinatetemeka, ngozi inatetemeka, na pipa linatoa ile sauti nzito ambayo mtu anaisikia tumboni kabla ya masikioni. Uani kwa watu makumi mawili, inatosha. Barabarani penye bafle mbili na ndege inayoshuka kiwanja cha Luano, inamezwa.

Jirani zetu wa Zambia walikutana na shida hiyo mbele yetu. Kule Luapula kalindula ni chombo cha besi, na kilitoa jina kwa muziki mzima. Miaka ya 1970 na 1980 bendi kama Serenje Kalindula na Amayenge zilipendwa sana, lakini kwa gita za umeme. Kazi ya chombo cha zamani ilichukuliwa na gita la besi. Jina lilibaki, chombo kikaenda pembeni. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: kubadilisha chombo. Njia ya pili ni kukiacha chombo kama kilivyo na kukifunga kinasa, yaani kitu kidogo kinachoshika mtetemo na kuugeuza kuwa umeme wa kuingia ndani ya ampli.

Kinasa cha kwanza kujulikana sana ni cha sumaku. Kule Marekani, mwaka 1931, George Beauchamp alitengeneza gita lenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme unazaliwa ndani ya waya. Lakini sumaku inasikia chuma tu. Kama karindula yako ina nyuzi za nailoni, sumaku itabaki kiziwi hata uipigie mpaka asubuhi. Na hata kwa nyuzi za chuma, inashika uzi zaidi kuliko ngozi na pipa. Utapata sauti karibu na ya gita, na watu watauliza pipa ni la nini.

Kinshasa walionyesha kwamba ufukara si kizuizi. Mzee Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alikuwa na likembe, yenye vijiti vya chuma. Kelele za jiji zilimshinda, basi akatengeneza vinasa vyake kwa sumaku za vyuma vya magari yaliyokufa. Sauti ilitoka imekwaruza, na mkwaruzo huo ukawa alama yake. Sahani yao *Congotronics* ilizunguka dunia katika miaka ya 2000.

Kwa chombo cha ngozi kama karindula, kuna kinasa cha aina nyingine. Mwaka 1880, kule Ufaransa, ndugu Jacques na Pierre Curie waliona kwamba mawe fulani yakibanwa yanatoa umeme. Leo kazi hiyo inafanywa na kisahani chembamba cha shaba chenye doa jeupe katikati, kile kinachopiga kelele ndani ya saa za kengele na michezo ya watoto. Fundi wa radio anakiunganisha na waya mbili, basi. Hakijali kama uzi ni chuma ao nailoni, kinashika mtetemo wa kitu kilichobandikwa.

Kazi kubwa ni kuchagua pa kukibandika. Katikati ya ngozi ni pabaya: ngozi inasikia bafle nayo, sauti inazunguka, na watu wanaziba masikio kwa mlio. Afadhali kwenye mguu wa kijiti kinachobeba nyuzi, ao kwenye mti wa shingo pale unapoingia ndani ya pipa. Kipande cha godoro ndani ya pipa kinapunguza mvumo. Bafle ziwekwe mbele ya mpigaji, zisimuangalie. Na kati ya kisahani na ampli kuwe kikuza sauti kidogo, kwani ukikichomeka moja kwa moja kwenye mashine nyingi, sauti inatoka nyembamba kama bati.

Ninyi munaotusikiliza kwa telefone ao radio ndogo mujue jambo moja. Bafle ndogo haiwezi kutoa sauti nzito ya pipa. Kinachowafikia ni ule mgongo wa kidole juu ya uzi. Kinasa kikikaa pazuri, mgongo huo unasikika wazi, na mtu aliye mbali anatambua: hii ni karindula.

Mwaka 2011 kampuni Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa *The Karindula Sessions*, muziki na picha za vikundi vya Lubumbashi, kati yao BBK na Bena Ngoma. Dunia ilishangaa pipa. Sisi hatukushangaa, na pengine ndiyo sababu hatukulitunza.

Ndiyo maana naandika haya kwa waliokimbia. Mtu anayekimbia usiku habebi pipa. Anabeba watoto, na nyimbo kichwani. Lakini pipa linapatikana hapa, ngozi inapatikana, mti unapatikana. Angalizo moja: katika mji wetu wa migodi, usichukue pipa lililobeba asidi ao dawa za kiwanda, hata kama limeoshwa. Tafuta lililokuwa na mafuta ya kula.

Kisahani cha shaba kinakuja mwisho. Kwanza mzee akae na kijana, amuonyeshe vidole. Kinasa kinaongeza sauti iliyopo. Kama mkono haujui wimbo, hata kuran ya mji mzima haitausikilizisha.