Nchi, Mbegu na Mkono: Harufu ya Kahawa katika Historia ya Buhaya

Wajuzi wa viungo wametambua tangu zamani kwamba mbegu za mmea mmoja huweza kuhitilafiana sana kwa harufu kufuatana na nchi zilikoota. Giligilani ni mfano ulio wazi. Punje ndogo za nchi za baridi, kama vile Urusi, aghalabu huwa na mafuta ya harufu yapatayo sehemu 1 katika 100, au kuzidi. Hali punje kubwa za Moroko na Bara Hindi mara nyingi hazifikii nusu ya kiasi hicho. Walakini mfano huo una tatizo ndani yake. Punje hizo mbili si za namna moja, na kwa hiyo anayezilinganisha hupima nchi na mbegu kwa pamoja, asiweze kusema ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti.

Tatizo hilo hilo laonekana katika historia ya kahawa ya Buhaya, yaani nchi ya Bukoba na Muleba, kando ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko kahawa ilikuwa kitu cha kutafunwa, mithili ya kiungo, vizazi vingi kabla ya kuwa kinywaji au bidhaa ya ng'ambo. Ndiyo maana historia yake yafaa kuchunguzwa na mtu atakaye kujua maana ya kusema kwamba harufu ya mbegu hutoka katika nchi yake.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili cha pwani kilipokea kutoka Kiarabu majina mawili: buni, ambayo ni mbegu, na kahawa, ambayo kwa asili ni kinywaji. Mti wenyewe ukaitwa mbuni. Kihaya hakikuazima hata moja kati ya hayo. Kina neno lake, amwani, na akamwani kwa ile punje itafunwayo, nalo ni la ukoo mmoja na emmwanyi ya Kiganda. Burton alipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, alisikia habari za kahawa ya Karagwe kutoka kwa wafanya biashara Waarabu. Yeye mwenyewe hakufika huko, lakini aliandika kwamba punje zake ni ndogo sana, na kwamba wenyeji huzitafuna. Hapo walikutana watu wa buni na watu wa amwani: mmea wa jamaa moja, na desturi mbili zisizofanana.

Akamwani hutengenezwa kwa tunda linalochumwa kabla ya kuiva sana. Huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha hukaushwa. Mgeni akifika hupewa atafune, na zamani punje mbili zilizomo katika tunda moja zilitumika katika kufunga udugu wa damu, kila ndugu akimeza yake. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mbegu hiyo haikukaangwa. Mbegu mbichi ya kahawa haina ile harufu ijulikanayo na wanywaji. Harufu hiyo huzaliwa motoni, sukari na vitu vingine vilivyomo katika mbegu vinapobadilika. Kwa hiyo harufu ya akamwani kwa sehemu kubwa ilitoka katika majani yaliyochemshwa nayo, na mbegu yenyewe ilileta uchungu na kafeini. Kwa watumiaji wa zamani, swali la nchi ipi ina kahawa yenye harufu bora lisingekuwa na maana ile ile liliyo nayo sokoni leo.

Nchi yenyewe ina tabia zake. Ukanda wa ziwani, ulio juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi, hupata mvua nyingi. Mjini Bukoba hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, nayo hupungua kadiri mtu aelekeavyo magharibi. Lakini mvua nyingi huosha rutuba, na udongo wa rweya, yaani mbuga za majani zilizo kati ya vijiji, ni hafifu. Mibuni haikustawi katika rweya. Ilistawi katika kibanja, chini ya kivuli cha migomba, mahali palipolishwa samadi na majani makavu kizazi baada ya kizazi. Basi nchi iliyoilea mbegu ya Buhaya ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya watu. Na hata idhini ya kupanda, kama ielezwavyo katika habari za falme za zamani, ilikuwa mkononi mwa Mukama.

Wataalamu wa zama za Wajerumani walilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Zimmermann, aliyekuwa katika taasisi ya kilimo ya Amani huko Usambara, aliipa kahawa ya Bukoba jina lake la kitaalamu, Coffea bukobensis, kana kwamba ni jamii peke yake. Leo wataalamu huihesabu kuwa ni Coffea canephora, yaani Robusta, iliyoenea katika misitu ya Afrika kutoka magharibi hadi kwenye maziwa makuu. Jina la mahali lilikuwa limefanywa jina la mbegu.

Baada ya reli kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Bukoba iliweza kuvushwa ziwa na kufika pwani kwa gharama ndogo. Wakati huo wa Wajerumani Arabika nayo ilipandwa, na tangu hapo nchi moja ikawa na mbegu mbili. Arabika huwa na mafuta yapatayo sehemu 15 katika 100, na Robusta kama sehemu 10. Arabika ina sukari zaidi, na Robusta ina kafeini karibu mara mbili. Tofauti hizi ni za mbegu, na nchi haiwezi kuzifuta. Kazi ya nchi huonekana ndani ya mipaka hiyo: penye baridi ya mwinuko tunda huiva polepole, na mbegu hupata muda wa kujijaza.

Lakini kuna jambo la tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa. Arabika ya Kilimanjaro kwa desturi humenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa. Arabika ya Bukoba huanikwa pamoja na ganda lake, na ndiyo iitwayo kahawa ya maganda, kisha hukobolewa. Soko la dunia limezitenga kwa muda mrefu, ya kwanza ikiitwa laini na ya pili ngumu. Mnywaji atakayeonja zote mbili atasema ameonja Kilimanjaro na Bukoba. Kwa kweli ameonja pia maji na jua, yaani namna mbili za kazi ya mkono. Kwa kuwa tofauti hiyo hugeuka kuwa bei, mkulima anayeambiwa kwamba upungufu wa kahawa yake umo katika udongo wake huambiwa jambo asiloweza kulirekebisha, ingawa sehemu yake moja imo katika uanikaji.

Wakulima wa Buhaya hawakuwa wepesi kukubali kuamuliwa na wengine juu ya mibuni yao. Mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa kahawa zilizusha ghasia, na mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, kilianzishwa ili kuuza mazao ya wakulima. Katika mambo yote mawili yaliyogombewa ni haki ya kuisimamia mbegu, tangu kibanjani hadi sokoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mnyauko wa mibuni uliingia Kagera na kuua Robusta nyingi, wakati Arabika ilisalimika. Mibuni mingi iliyorithiwa pamoja na vibanja ilipotea katika udongo ule ule na mvua ile ile. Kituo cha utafiti cha Maruku kilichagua miche inayostahimili ugonjwa, na aina zilizotolewa zikapewa majina kama Bukoba 1, Muleba 1 na Maruku 1. Mara nyingine tena mbegu imepewa jina la nchi. Safari hii jina lina haki zaidi kuliko lile la Zimmermann, kwa sababu mbegu hizo zilichaguliwa huko huko kwa ajili ya vibanja vya huko. Hata hivyo harufu itakayotoka katika kikombe haitakuwa ya jina hilo peke yake. Itategemea pia samadi itakayotiwa kibanjani, siku ya kuchuma, na uangalifu wa yule atakayeanika.