Tundu la ethi likae juu: soketi ilivyobuniwa kwa ajili ya mtoto

Mwezi uliopita fundi alimaliza kufunga umeme kwenye nyumba ya dada yangu hapa Songea. Soketi mbili za sebuleni alizipindua: tundu la ethi, yaani la waya wa ardhini, chini, mengine mawili juu. Tulipomuuliza, alijibu kuwa umeme unapita vilevile. Ni kweli, unapita. Lakini tundu lile kuwekwa juu kuna historia yake, na ndani ya historia hiyo yumo mtoto.

Hapa nchini, kampuni za umeme za DARESCO na TANESCO ziliundwa mwaka 1931, enzi za soketi za pini za mviringo. Soketi ya leo, ya pini bapa na ampea 13, chimbuko lake ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1942 nchini Uingereza iliundwa kamati ya watu 20 kupanga umeme wa nyumba ambazo zingejengwa baada ya vita. Shaba ilikuwa adimu, hivyo hesabu kubwa ilikuwa kupunguza waya. Mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama cha wanawake cha masuala ya umeme. Yeye alisimamia usalama wa nyumbani, sakafuni anakotambaa mtoto. Ripoti ya 1944 ikataka soketi yenye kinga kwa watoto, na mwaka 1947 kiwango cha BS 1363 kikachapishwa. Pini ya ethi ilifanywa ndefu kuliko wenzake: inatangulia kuingia, inasukuma vifuniko vya ndani, ndipo matundu ya laivu na nyutro yanafunguka. Plagi nayo iliundwa waya utokee chini, uning'inie kando ya ukuta. Ukiipindua soketi, vifuniko vinabaki, ila waya unatokea juu, unajikunja kwa uzito wake na kuchakaa shingoni.

Wamarekani, wenye soketi ya umbo jingine, hadi leo wanabishana kama ethi ikae juu au chini. Sisi tulirithi kwa Waingereza soketi ambayo jibu lake limo kwenye plagi.

Hapa Songea soketi hizo zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Mwaka 2015 masista Wabenedikti wa Chipole walianza kuzalisha umeme Tulila, kwenye Mto Ruvuma, kwa mtambo wa megawati 5. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikatuunganisha na gridi ya Taifa.

Umeme umefika, uangalifu umebaki nyuma. Mara ngapi tumeona plagi ya pini mbili ikilazimishwa kuingia kwa kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la ethi? Mtoto anayetazama anajifunza kufungua mlango ambao kamati ile ilihangaika kumfungia.

Mwenye nyumba, kabla ya kumlipa fundi, uliza leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati. Hakikisha tundu la ethi liko juu na waya wake umefika ardhini kweli. Plagi ya pini mbili inunulie adapta. Kijiti kitupe leo.