Sakafu ya tangi la samaki

Sakafu ya tangi la samaki ni tabaka la mchanga, changarawe au udongo linalotandazwa juu ya kioo cha chini katika tangi la nyumbani. Wengi huiona kama pambo tu. Kumbe kwenye punje zake ndiko wanakojishikiza bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Uchaguzi wake huanzia kwa samaki mwenyewe: ametoka maji gani?

Furu wa miambani

Mkoani Mara jibu la karibu ni furu wa Ziwa Victoria. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Waliomweleza walikuwa watafiti wa kikosi cha HEST cha Chuo Kikuu cha Leiden, kilichoanza kazi Mwanza mwaka 1977, kabla sangara hajawamaliza furu wengi katika miaka ya 1980. Dume ni samaki mzuri kupindukia: mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi ya wima. Jike amepauka, naye huatamia mayai kinywani.

Kwa kuwa huishi mawemawe, tangi lake hudai granaiti, ambayo ufukwe wa Musoma umejaa, pamoja na mchanga laini. Juu ya mchanga mweupe rangi za dume hufifia. Wa kahawia au mweusi huzikoleza. Mawe hupangwa kwanza, yakakalia kioo au kipande cha plastiki, ndipo mchanga umwagwe. Furu huchimba, na jiwe lililoegemezwa mchangani huweza kuporomoka likapasua kioo.

Makombe na matumbawe yaliyosagwa huongeza chokaa majini. Hayo huwafaa samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji magumu. Baadhi yao hata hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na furu hahitaji chokaa hiyo.

Mchanga wa Nyakato

Kwa mkazi wa Nyakato, kata ya Manispaa ya Musoma, mchanga wa kujengea unatosha. Tangi la sentimita 60 kwa 30, kwa kina cha sentimita 5, humeza lita 9, karibu kilo 14. Huoshwa ndooni, kidogo kidogo, hadi maji yamwagwe yakiwa meupe. Matone ya siki hupima chokaa: mchanga ukitoa povu, haufai. Marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu) ya machimbo kama ya Buhemba yasiguswe kabisa, kwani wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Anayejichotea ziwani naye akumbuke kichocho.

Udongo

Hutandazwa chini ya mchanga penye mimea.

Changarawe ya rangi

Huuzwa kwa ajili ya samaki wa dhahabu, ingawa samaki huyo humumunya punje akitafuta chakula, na yenye ukubwa wa njegere huweza kumkwama kooni.